Pombe si chai, lakini kahawa je?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nina miaka 34, naishi Tabata, kazi yangu ni kufuatilia mizigo bandarini. Tangu mwaka jana huwa nakwenda hekalu la Wabuddha pale Upanga kukaa kutafakari, na mwezi uliopita nilitamka zile kanuni tano mbele ya mtawa. Ya tano imenikwama kooni. Ijumaa nilikuwa na kawaida ya kukaa grosari na wenzangu, bia mbili, zikizidi sana tatu. Nimeacha. Sasa shemeji yangu ananicheka, anasema kahawa ninayokunywa kutwa nayo ni kilevi, kwa hiyo nimeacha kimoja nikakumbatia kingine, mnafiki tu. Je, kahawa na chai zimo kwenye kanuni hiyo? Halafu mke wangu ana duka na anauza bia, hilo linanihusu? Na dawa ya kikohozi yenye alkoholi nayo vipi? Daktari amenipa juzi na chupa bado iko mezani sijaifungua."

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nianze kwa kumtetea shemeji. Swali lake ni zuri, hata kama ameliuliza kwa nia ya kukuchokoza. Watu wengi hutamka kanuni ya tano kama kibwagizo, hawajiulizi inazuia nini hasa. Yeye amekulazimisha ujiulize.

Maneno uliyotamka ni ya Kipali, lugha ya maandiko wanayofuata Wabuddha wa Sri Lanka, Thailand na Myanmar, na hekalu la Upanga lilianzishwa na Wasinhala wa Sri Lanka tangu enzi za Waingereza, ndiyo maana ukayakuta huko: suramerayamajjapamadatthana veramani sikkhapadam samadiyami. Lile neno la mwanzo ni kontena la futi arobaini. Wewe ni mtu wa bandarini, tulifungue tuone kilichomo.

Sura ni pombe ya nafaka na unga. Meraya ni ile ya matunda, maua, asali au sukari. Kwa hapa kwetu komoni ingeshushwa upande wa sura, na mnazi na wanzuki upande wa meraya. Mbege ya Wachagga, yenye ndizi na ulezi ndani ya chungu kimoja, ingewapa wafafanuzi wa kale mjadala wa siku nzima. Majja ni kilevi kwa jumla. Mpaka hapo hakuna la kukushangaza. Mzigo wenyewe uko nyuma ya kontena: pamada, yaani kughafilika, akili kulegeza kamba na kusahau inafanya nini, na thana, mahali jambo linapopata pa kusimama. Kwa hiyo ulichosema ni kwamba unajizuia na pombe na vilevi ambavyo ndivyo kughafilika kunakosimamia.

Na lile neno sikkhapada, ambalo watu hulitafsiri "amri", maana yake ni hatua ya mafunzo. Samadiyami ni "najitwalia". Hakuna aliyekuamuru. Mtawa alikutangulia kwa sauti na wewe ukafuatisha, lakini nafsi inayosema "najitwalia" ni yako. Nasisitiza hili kwa sababu tumelelewa kwenye dini za halali na haramu, na mkono wetu wa kwanza huwa unatafuta orodha. Unapouliza "kahawa imo?" unaulizia orodha. Orodha ipo, nimekwisha kuisoma hapo juu, na kahawa haimo. Lakini ukiishia hapo utakuwa umemjibu shemeji bila kujijibu mwenyewe.

Sasa, kuna watu hushika lile neno pamada na kulifanya kitasa. Wanasema: kinachokatazwa ni kughafilika, na mimi kwa bia moja sighafiliki, basi bia moja ruksa. Kisarufi sentensi inaweza kubanwa hadi itoe maana hiyo. Mapokeo ya Theravada, yaani hao Wabuddha wa Sri Lanka, Thailand na Myanmar, hayakuisoma hivyo. Kanuni ya watawa inahesabu kosa hata kwa kinachoshika kwenye ncha ya jani la nyasi. Nami naona sababu ni ya kawaida kabisa: kile kifaa unachotumia kupima kama umeghafilika ndicho kinachoharibiwa kwanza na kinywaji. Muulize mtu wa bia ya nne kama amelewa. Atakwambia yuko sawa, na atakuwa anasema kweli kadiri anavyoona yeye.

Kisa cha kanuni hiyo ya watawa kinafaa kusimuliwa. Karibu na mji wa Kosambi, kaskazini mwa India, palikuwa na naga mkali, lile joka la maajabu la hadithi za Kihindi, akitisha watu katika makazi ya wacha Mungu. Mtawa Sagata, mwenye nguvu za kutafakari zilizojulikana kote, akaingia humo, wakapambana moto kwa moto, mpaka naga akanyong'onyea. Habari zikafika mjini. Watu wa Kosambi wakataka kumtukuza, wakawauliza watawa fulani wenye sifa ya utundu: ninyi watawa mnakosa nini, tumpe kilicho adimu? Wakajibiwa: pombe safi ile nyekundu. Basi alfajiri Sagata alipopita na bakuli lake kuomba chakula, kila nyumba ilikuwa na kikombe kimetengwa. Hakuna aliyemwekea mtego, wote walikuwa wanamshukuru. Akanywa nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, na alipofika lango la mji akitoka, akaanguka chini.

Wenzake wakambeba hadi alipo Buddha wakamlaza, kichwa kikielekea kwa mwalimu. Sagata akajigeuza usingizini, akamnyooshea miguu. Buddha akauliza: Je, zamani Sagata hakuwa na heshima kwangu? Alikuwa nayo. Je, sasa anayo? Hana. Je, si huyu aliyepambana na naga? Ndiye. Je, sasa hivi angeweza kupambana hata na nyoka mdogo wa majini? Hawezi.

Angalia kwamba hakumwita mtenda dhambi. Aliulizia uwezo. Mtu aliyelishinda joka anashindwa na kijinyoka, tena kwa takrima ya marafiki. Hiyo mimi naifananisha na raundi za Ijumaa: kila mmoja anakununulia moja kwa mapenzi, hakuna adui mezani.

Ndiyo maana kanuni ya tano inakaa peke yake kidogo. Nne za kwanza zinahusu kuua, kuiba, zinaa na uongo, na zote hizo zina mtu mwingine anayeumia moja kwa moja. Ukinywa bia yako chumbani hujamgusa mtu. Lakini nne hizo zinalindwa na mlinzi mmoja, ambaye ni kule kuwa macho, na ya tano inamhusu yeye tu. Maneno ya mwisho ya Buddha kabla hajafa yalikuwa kwamba mambo yote yaliyoungwa huchakaa, basi timizeni kazi yenu kwa appamada. Hilo ni neno lile lile la kwenye kanuni yako, pamada, limewekewa "a" ya kukanusha. Kutoghafilika. Kwangu mimi huo ndio uti wa mafundisho yote, na pombe imepata kanuni yake kwa sababu inapiga pale pale.

Alipozungumza na kijana mmoja mwenye mali aitwaye Sigala, alitaja madhara sita ya ulevi: mali kupungua mbele ya macho yako, ugomvi kuongezeka, maradhi, jina kuchafuka, kuvua nguo mbele za watu, na akili kudhoofika. Hizo ni zaidi ya karne ishirini zilizopita, na nadhani ukimpa mhudumu yeyote wa baa ya Sinza kalamu angekuandikia zile zile sita, huenda kwa mpangilio mwingine.

Lakini usije ukageuka hakimu wa wenzako. Kuna Sarakani, mtu wa ukoo wa Sakya, ukoo wa Buddha mwenyewe. Alikuwa mnywaji, na mtaa mzima ulijua. Alipofariki Buddha akatangaza kwamba ameingia kwenye mkondo, yaani daraja ambalo mtu harudi nyuma tena. Wasakya wakaja juu: Sarakani? Yule mlevi? Buddha hakubadili kauli. Alisema mtu huyo alikuwa amemkimbilia Buddha, mafundisho na jumuiya ya watawa kwa muda mrefu, na mwisho wa maisha yake aliyakamilisha mafunzo. Mashekhe wa grosari hawakipendi kisa hiki kwa sababu kinatia neno "mwisho aliyakamilisha", na washika dini hawakipendi kwa sababu kinatia jina Sarakani. Mimi nakipenda kwa yote mawili.

Kwingine mambo hayafanani. Sri Lanka pombe haiuzwi siku ya Poya, mwezi unapokuwa mpevu. Mahekalu ya Zen, tawi la Ubuddha huko Japani, yana mawe langoni yaliyochongwa kwamba pombe na mboga za harufu kali haziruhusiwi kupita, na bado baadhi ya watawa wa huko waliipa pombe ya mchele jina la mafumbo, hannyato, "maji moto ya hekima". Binadamu hawezi kukosa jina la siri la kinywaji chake. Tibet wana ibada ambapo tone la pombe huonjwa kwa ncha ya kidole. Hayo yana maelezo yake, wewe ulitamka ya Upanga, baki nayo.

Tuje kwenye kahawa.

Buddha hakuizungumzia kwa sababu hakuijua. Wala chai haikuwa kinywaji cha India yake. Lakini zilipokutana na watu wa ibada, zilipokelewa kama ndugu. Masufi wa Yemen karne ya 15 walikunywa kahawa ili wakeshe katika dhikri, na kupitia Bahari ya Hindi ikafika mpaka kwenye mabirika yetu ya pwani. Upande wa pili wa Asia, mtawa wa Kijapani Eisai alirudi kutoka China mwaka 1191 akiwa na mbegu za chai, na mwaka 1211 akaandika kitabu kizima cha kusifu chai kwa afya. Mwaka 1214 mtawala Minamoto no Sanetomo aliamka akiugua hangova, na Eisai akampelekea kikombe cha chai pamoja na nakala ya kitabu hicho. Shemeji akisema chai na pombe ni kitu kimoja, msimulie hiyo. Kuna na hadithi ya Bodhidharma, mtawa anayehesabiwa mwanzilishi wa Zen, kwamba alisinzia akitafakari, akakasirika, akakata kope zake akazitupa, na pale zilipoanguka ukaota mchai. Ukiniambia hiyo hadithi yenyewe ni chai, sitabisha.

Watawa wa Theravada hawali chakula kigumu baada ya saa sita mchana, na alasiri utawakuta wengi wao na kikombe cha chai. Ni ya rangi. Maziwa huhesabiwa chakula. Kwa hiyo hata wale wenye kanuni 227 wanakunywa, na hakuna anayewaona wamevunja ya tano.

Kwa nini? Kwa sababu kafeini inafanya kazi tofauti mwilini. Kadiri unavyokaa macho, ubongo unajikusanyia kemikali iitwayo adenosini, na hiyo ndiyo inayokuletea uzito wa usingizi. Kafeini inakwenda kuketi kwenye kiti cha adenosini na kuizuia isikae. Uchovu uko pale pale, umefungiwa nje tu. Hukumbuki vibaya, huropoki, huendeshi gari mtaroni. Trafiki wa Morocco pale Kinondoni ana kipimo cha pombe, hana kipima-kahawa, na hajasahau kukinunua.

Ila hapa ndipo nataka ukae nami kidogo, maana hapa ndipo shemeji ana haki nusu. Maandiko yanataja vizuizi vitano vya akili inayotafakari. Cha tatu ni uvivu na usingizi. Cha nne ni wahaka na majuto, akili kurukaruka kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto. Kahawa ni dawa ya cha tatu na chakula cha cha nne. Unalipa huku unakopa kule.

Nakumbuka siku moja nilitoka Kariakoo kwenda kukaa kutafakari. Njiani nilisimama kwa muuza kahawa, yule wa birika juu ya jiko la mkaa, anayegonganisha vikombe vya sini kabla hujamwona. Nikapiga cha kwanza, chungu kweli kweli, na kashata ya karanga. Stori zilikuwa za mpira, zikanoga. Nikafikisha vinne. Nilipokaa kwenye mkeka nilikuwa macho kuliko siku zote, na sikuweza kufuata pumzi tatu mfululizo. Moyo nausikia masikioni, goti linacheza lenyewe, na kichwani nimeshapanga upya kodi ya nyumba, nimeshamjibu mtu aliyenitukana mwaka juzi, nimeshajenga ghorofa Kigamboni. Nusu saa. Kengele ilipogongwa nilikuwa nimechoka kama aliyebeba magunia. Sikuwa nimelewa. Lakini kuwa macho na kuwa makini vilikuwa vimeachana njia, na mpaka siku ile nilidhani ni kitu kimoja.

Moggallana, mmoja wa wanafunzi wakuu wawili, aliposinzia akitafakari, Buddha alimpa mlolongo wa dawa: badilisha unachokizingatia, yakumbuke mafundisho, yakariri, vuta masikio na kusugua viungo, inuka unawe macho kwa maji na uangalie nyota, waza mwanga, tembea huku na huku, na yote yakishindikana lala ubavu wa kulia ukipanga utaamka saa ngapi. Ile ya mwisho ndiyo ninayoipenda. Mtu aliyechoka aliruhusiwa kulala. Wewe unafuatilia meli, zamu za usiku unazijua. Kabla ya kikombe cha sita jiulize kama mwili unaomba kahawa au unaomba godoro.

Utegemezi nao tuuite kwa jina. Jaribu siku moja usinywe kabisa: mtu wa vikombe vingi huanza kuumwa kichwa ndani ya saa 12 hadi 24, na inaweza kuchukua siku kadhaa. Usikate ghafla, punguza kikombe kimoja kila baada ya siku chache. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya inasema mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 400 za kafeini kwa siku, mjamzito 200. Kikombe kikubwa cha kahawa kina kama 80 hadi 100, cha chai kama nusu ya hapo. Nusu ya kafeini hubaki mwilini kwa takribani saa tano, kwa hiyo kahawa ya saa kumi na moja jioni bado ina nusu yake damuni saa nne usiku, unapojigeuza kitandani ukilaumu joto la Dar. Ningekuwa wewe ningefunga birika saa nane mchana.

Ukinitaka nichore mstari: bia, konyagi, bangi, na mirungi ambayo hata sheria ya nchi imeikataza, hizo weka kando kwa jina la kanuni. Kahawa na chai ziweke chini ya jicho, kama simu. Na kile kinywaji cha kuongeza nguvu ambacho vijana wanakichanganya na pombe kali ni kibaya kuliko vyote viwili, kwa sababu kafeini haipunguzi pombe hata tone. Inakupa mlevi ambaye hajui kwamba amelewa, tena yuko macho na funguo mkononi.

Kuhusu unafiki. Mnafiki ni anayetamka asichokusudia. Wewe umetamka pombe ukaacha pombe. Shemeji amekuongezea kifungu ambacho hukukitamka kisha akakushtaki kwa kukivunja. Mcheke naye.

Kwa wanaosoma hapa ambao hawako kwenye bia mbili: aliyezoea kunywa kila siku na akiamka mikono inatetemeka asiache ghafla kwa sababu ya kanuni yoyote. Kuacha kwa namna hiyo kunaweza kuleta kifafa. Aende hospitali, Muhimbili wana idara ya afya ya akili na hayo ni ya kawaida kwao.

Duka la mke ndilo gumu, na nadhani unalijua, ndiyo maana ulilichomeka katikati. Buddha alitaja biashara tano ambazo mfuasi wa kawaida asizifanye: silaha, binadamu, nyama, vilevi na sumu. Tulishaona wenyewe biashara hii inakoweza kufika: viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, na kabla ya hapo pombe kali ilikuwa inaingia mfuko wa shati la mtoto wa shule kwa bei ya maandazi. Kwa hiyo sikwambii ni jambo dogo. Lakini aliyetamka ni wewe. Yeye hajajitwalia kitu, duka ni lake, na yawezekana kreti zile ndizo zinazolipa ada. Ukirudi kutoka Upanga na kuanza kumhubiria mbele ya wateja utakuwa umepata ugomvi, ambao kwa Sigala ni namba mbili, bila hata kunywa. Kinachokuhusu ni pale unaposhika kaunta wewe Jumapili yeye akienda sokoni. Hapo mwambie kwa upole: mke wangu, sukari na unga nitauza, friji ya bia niachie. Halafu mkae siku nyingine, mtulivu wewe na mtulivu yeye, mpige hesabu pamoja kwamba kreti zinaingiza kiasi gani na nini kingeweza kukaa kwenye ile friji. Inaweza kuchukua mwaka. Sioni haraka ya nini.

Grosari nenda ukitaka, wenzako si pombe yao. Agiza maji makubwa ya baridi, na utazame tu mkono wako unavyotaka kitu cha kushika raundi ya pili inapokuja.

Na dawa ya kikohozi: watawa wenyewe waliruhusiwa mafuta ya dawa yaliyochanganywa na pombe, ilimradi rangi, harufu na ladha ya pombe visitambulike, na wafafanuzi wakaruhusu iliyopikiwa ndani ya mchuzi. Yako imepimwa kwa kijiko na daktari. Fungua chupa, unywe, na umalize dozi.